Tairi la Tano

Idi mwanangu,

Ukiona mwandiko wangu umepinda usidhani macho yameharibika. Nimekaa chini kwenye mkeka, karatasi iko juu ya goti, na mgongo umeegemea mabati ya duka ambayo bado yana joto la mchana. Kwa nini sikukaa kwenye kiti changu kama siku zote, utajua mbele. Usiruke mistari kwenda kutafuta. Nakujua wewe, shati halijatiwa mkono tayari unataka kulivaa.

Alasiri imepita. Umekwenda kuaga kwa baba yako mdogo, upande wa msikiti, na hawatakuachilia mpaka ule, kisha watakufungia kingine cha njiani. Kesho baada ya sala ya alfajiri unaondoka. Unaondoka na matairi manne, bila la akiba, na bila neno la radhi kutoka kinywani mwangu. Asubuhi ulisimama hapa dukani ukaniomba, ukasema, "Mama, minyi niko naenda. Pneu ya tano haikupatikana, nitaenda vile vile. Unipatie radhi tu." Nikajifanya nahesabu vibao vya breki. Uliona kwamba najifanya. Ukaondoka taratibu, hukubamiza hata mlango, na hilo limeniuma kuliko kama ungeubamiza.

Basi nimefunga duka mapema. Majirani wameniuliza kama naumwa. Siumwi, nimechoka tu, na uchovu wenyewe si wa leo wala wa jana.

Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kutomfungulia mtu mlango giza likiingia, shangazi yako ameyasema yote, na mara ya mwisho ulikuwa umeshasinzia. Sina la kuongeza. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya matairi. Cheka tu. Tangu mvua zilipokatika mimi na wewe tumezungumza nini kingine?

Sokoni wametuzoea lakini hawajaacha kututania. Mama anauza matairi, mtoto wake wa kiume anashona sketi za wanafunzi. "Mungu alichanganya mafurushi," ndivyo anavyosema yule muuza chumvi wa jirani yangu. Baba yako alikuwa akicheka kuliko wote. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hii, maana kila tairi lililomchakalia alilitupa uani, nami nikaona heri kuyauza kuliko kupalilia majani katikati yake.

Na gari unaloondoka nalo ni lake, lile alilobebea abiria. Homa ilipomchukua nililipandisha juu ya matofali mwenyewe, nikatoa matairi ili yasioze kwa kusimama. Miaka yote ile kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Mara nyingine nilikwenda kukaa ndani yake mchana, nikifunga mlango, nikisema natafuta mayai. Halafu wewe ukaja na wazo lako. Ukang'oa viti vya abiria, ukatengeneza kitanda cha mbao na chini yake makasha ya vitambaa, ukafunga cherehani mbili kwa skrubu sakafuni, ukaweka pipa la maji, jiko, pazia za maua. Ukasema utakwenda kijiji kwa kijiji, Luena, Bukama, mpaka Kabondo-Dianda, ushone sare za watoto kabla shule hazijafunguliwa, kisha nguo za harusi, na mahali pote utalala humo humo. Watu walikuja kutazama kama wanaotazama bibi harusi. Mimi nilisema, "Wazo zuri." Nilisema kweli. Lakini moyo ulishuka, na nilipotafuta pa kuushikilia nikashika matairi.

Unakumbuka siku Mama Bolingo alipotoka kule Base, kambi ya jeshi, na yale matairi makubwa? Mume wake askari alikuwa anahamishwa, wanauza kila kitu. Aliyabingirisha mwenyewe mpaka mlangoni pangu, jasho linamtoka, anapiga kelele soko zima lisikie.

"Mama Idi, angalia! Hizi njo pneu za bakubwa! Ukiweka izi, motokari itapanda juu, matope itabakia kule chini na haya yake. Ya solo, ya kweli!"

Na wewe macho yaling'aa. Yalikuwa mazuri, sibishi. 225 kwa 75, rimu ya 16, ya alumini, meno yake makubwa ungeweza kuficha kidole. Gari letu lilizaliwa na 195, rimu ya 15 ya chuma, tairi jembamba lenye sura ya kimasikini.

"Mama," ukaniambia, "njia ya Kabondo weye mwenyewe unaijua. Tumbo ya gari inaburuta. Minyi niko nataka urefu."

"Urefu ya nini? Unaenda kuchuma maembe?"

Ukatoa utepe wako wa kupimia viuno vya watu, ukapima tairi na tairi. Jembamba sentimita sabini kutoka chini mpaka juu, kubwa sabini na nne. Ukaweka vidole viwili hewani kunionyesha tofauti, umefurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nikakukunja kidole kimoja. Nilikuambia gari halikai juu ya tairi, linakaa katikati yake, penye ekseli. Katika hivyo vidole viwili, kimoja kimeenda juu ya ekseli na hakikusaidii kitu. Tumbo litapanda kidole kimoja tu. Ukakitazama kile kilichobaki. Kisha ukasema, "Hata kimoja, Mama. Kimoja njo kinaweza kunipitisha." Hapo nilimsikia baba yako akisema, neno kwa neno, na nikakasirika na watu wawili kwa wakati mmoja.

Kwa sababu tulishafanya hivyo, Idi. Unajua kwamba tulikwama Kabondo, umesikia baba yako akiisimulia kama kichekesho. Hukuisikia kutoka kwangu.

Tulikuwa wapya kwenye ndoa. Baba yako alitaka gari refu, na mimi nilitaka anione kuwa mke anayekubali. Tukavisha makubwa, ya kimo kile kile cha Mama Bolingo. Hapa mjini Kamina watu waligeuka kututazama. Njiani gari likawa zito miguuni. Kila kilima gia ya kwanza ilikuwa ikilia, na breki ukiikanyaga gari linasita kwanza kabla ya kusimama. Mshale wa mwendo ukawa unatudanganya pia, unasema tunakwenda pole na kumbe tunakimbia. Yote hayo tuliyavumilia. Tulipopakia magunia ya samaki ndipo gari lilipokaa chini, na kila tukikata kona tairi linakwaruza bati la ndani. Baba yako akaongeza sauti ya redio. Mimi nilisikia ule mkwaruzo mpaka Kabondo-Dianda na sikufungua mdomo, kwa kuwa ningesema nini, nami ndiye niliyesema yanapendeza?

Likapasuka pale, mbele ya watu, ubavuni, mahali lilipokuwa likijikata lenyewe. La akiba tulilokuwa nalo ni lile jembamba la zamani. Tukalifunga. Gari likainama upande kama mtu aliyevaa kiatu kimoja, na halikufika mbali kabla usukani haujaanza kumshinda baba yako nguvu. Pale kijijini hakuna aliyekuwa na rimu ya 16. Ya 15 walikuwa nazo wawili. Baba yako akaazima baiskeli akaenda kutafuta, mimi nikabaki ndani ya gari na samaki wanaooza.

Ndipo nilipomjua Mama Ngoie. Alikuwa akiuza bukari, ugali wetu wa huku, na samaki kando ya barabara, na alisubiri mpaka nimelia vya kutosha ndipo akaja kugonga dirisha.

"Mama, toka mu ile motokari. Iko inanuka. Kuya ukule."

"Niko nangojea bwana yangu."

"Utamungojea na tumbo ya wazi? Bwana akirudia, atakuta muntu ao mifupa? Kuya."

Nililala kwake mpaka baba yako aliporudi. Jioni moja tukiwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, aliniuliza kwa nini tuliweka magurudumu yale, na nilipomweleza hakucheka. Alisema tu, "Mulichagulia gari macho ya bantu ya Kamina. Njia haina macho." Nilikasirika kidogo, kwani niliona amenisema. Alikuwa amenisema kweli.

Sasa ungedhani nilijifunza. Nilijifunza nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyouvunja mkono wa baba yako. Ule mkono aliokuwa hawezi kuuinua kufikia rafu ya juu, ambao wewe ulikuwa ukimchukulia vitu, uliujua tangu utotoni na unajua ulivunjikia njia ya Luena. Lakini nataka ujue ulivunjikaje.

Tulirudi kwenye 195 na 15. Mimi ndiye niliyechagua safari hii, nikijiona mjuzi. Upana sawa, rimu sawa, yaliingia bila shida, tena yalikuwa mapya kabisa. Ubavuni hayakuwa na ile herufi C ya matairi ya mzigo. Yalikuwa matairi ya gari dogo la kubeba baba na mama na watoto. Niliona namba, sikuona herufi. Kwa siku za mwanzo hakuna kilichotokea, na hilo ndilo baya lake. Gari likiwa tupu yalikuwa laini, baba yako akanisifu. Siku alipojaza watu na mzigo, jua la saa saba, ubavu ukapata moto, ukatepeta, ukafunguka. Gari lilikwenda mtaroni polepole, alisema, kama linalotafuta mahali pa kulala. Hakuna aliyekufa. Mkono wake ulikuwa kati ya usukani na mlango.

Hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa akisema, "Tairi ni tairi." Ningefurahi angenilaumu, ningejitetea, tungemaliza. Badala yake nikawa mtu wa kusoma ubavu wa kila tairi linalopita mbele yangu, hata la gari la watu wasioniuliza. Watu wa sokoni wanadhani ni ujuzi. Wewe sasa unajua ni nini.

Ndiyo maana nilikuwa mkali uliponiambia gari lako halitabeba watu ishirini, litabeba mtu mmoja na cherehani mbili, kwa hiyo ni jepesi. Nilikujibu vibaya siku ile, nikuambie vizuri leo. Abiria wanashuka. Gari la abiria linachoka asubuhi, jioni linapumua. Nyumba haishuki. Kitanda, makasha, pipa la maji, jiko, vitambaa, vinakaa juu ya matairi mchana na usiku, hata wewe ukiwa umelala, hata ukiwa umeegesha mwezi mzima chini ya mti wa shule. Uzito mdogo usioshuka unachosha kuliko mkubwa unaoshuka. Hilo nalijua kwa matairi, na nalijua kwa mambo mengine pia.

Na siku ya chaki nitaikumbuka mpaka niingie kaburini. Ulikataa kunisikiliza kwa maneno, ukasema basi tujaribu. Tukafunga yale makubwa. Mimi nikasema usijaribu gari tupu. Suti unampima mtu amesimama, gari lipime likiwa limekaa. Ukapakia kila kitu, ukajaza pipa mpaka juu, ukaniweka mimi kitandani niwe mzigo wa mwisho, na shangazi yako akapanda bila kuitwa. Ukachukua chaki yako ya bluu ya kuchorea vitambaa, ukayapaka mabega ya matairi pande zote. Tukaenda mpaka kwenye reli, ukavuka lile tuta huku umekata usukani mpaka mwisho, mara ya kwanza kushoto, mara ya pili kulia, na shangazi yako anamwita kila nabii anayemjua. Tukarudi nyumbani. Ukalala chali chini ya gari na taa ya simu. Ulikaa huko muda.

"Mama."

"Sema."

"Chaki iko juu. Iko mu bati yote."

Ulitoka umejaa vumbi, na michirizi ya bluu kwenye paji la uso. Hukubisha, hukununa. Ulisema, "Tuweke za kwake." Nilipaswa kukuonea fahari wakati ule, na nilikuonea, lakini ndani kabisa nilihisi kitu kingine. Nilihisi nimeshindwa. Nilikuwa nimeutegemea ubishi wako. Ukiwa mbishi usingeondoka mpaka tumalizane. Sasa umekubali, na gari lina kipimo chake, na mimi sina tena pa kushika.

Basi nikatafuta. Manne ya kwanza uliyoyaleta, 195 R 15 C kama nilivyotaka, nikasema ni ya zamani, mpira umekauka, ona nyufa. Hilo lilikuwa kweli. Ya pili nikasema meno yake ni ya lami. Nusu kweli, kiangazi yangekupeleka. Ya tatu nikasema mawili ni ya kiwanda kimoja na mawili ya kiwanda kingine, hayalingani. Ukaenda ukabadilisha. Ukarudi na haya uliyonayo, na nilizunguka gari mara kadhaa nikipapasa kama kipofu, na sikupata kosa. Nikakuambia, "Na la tano?"

Hapo ulicheka, ukasema ni kweli, weye njo ulinifundisha, gari haitoki bila ya tano, tena ya kipimo kile kile. Ukaanza kulitafuta. Umezunguka Kamina yote. Umekwenda kwa makwado, waziba matairi, wote, umekwenda Base, umetuma mtu Luena. Rimu ya tano ulikuwa nayo, ya chuma, ya baba yako, ulikuwa umeipiga rangi. Tairi tu. Kila jioni ulikuja hapa dukani, umechoka, ukaketi mbele yangu, ukaniuliza, "Mama, haikuya?" Nami nikajibu, "Bado, baba." Siku zikasogea. Mwalimu mkuu wa Kabondo akatuma ujumbe kuuliza kama sare zitakuwa tayari, la sivyo watanunua zilizoshonwa tayari. Ukanionyesha ujumbe. Nikasema, "Mungu atafungua."

Mungu alikuwa ameshafungua, Idi. Mimi ndiye niliyekuwa nimekalia.

Unakijua kiti changu. Matairi mawili moja juu ya lingine, yamefunikwa kitenge cha kijani, na mto juu yake. La chini ni kipara, halifai hata kwa mkokoteni. La juu ni 195 R 15 C, halijawahi kugusa barabara. Lilikuja na mzigo wangu mwanzoni kabisa, ulipokuwa bado unang'oa viti, nikaliweka pembeni kwa ajili yako. Kwa ajili yako, naapa. Nililifunika lisipigwe na jua. Kisha siku moja nikalikalia kupumzisha miguu, na siku ulipouliza la tano liko wapi nilikuwa juu yake, na sikusimama.

Waswahili wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ulitafuta mji mzima, mwanangu, na hukuinama mbele ya mama yako kwa kuwa hukumdhania. Sijui nikuombeje msamaha kwa hilo. Leo asubuhi uliposema utaenda bila la akiba, mimi nikahesabu vibao vya breki. Nimetumia miaka yote kusoma herufi ubavuni mwa matairi ya watu ili mkono mwingine usivunjike, na sasa nakupeleka njia ya Luena na manne tu, kwa sababu sitaki kula peke yangu.

Ndiyo, ni hivyo tu. Hakuna hekima nyingine chini yake. Naogopa jioni. Naogopa kupika bukari kidogo. Nilipoliona lile gari limesimama kwa miguu yake minne uani, pazia limefungwa, nilihisi kama baba yako anaondoka mara ya pili, tena safari hii anakuchukua na wewe. Ningeweza kukuambia hivyo tangu mwanzo, ungenikumbatia, tungelia, yangeisha. Nilikuambia habari za nyufa na meno.

Sitakupa mafundisho, sina uso wa kuyatoa. Nitakuambia tu mawili matatu ambayo nayajua. Mchana tairi likiwa na moto litaonekana limejaa kupita kiasi. Usilitoe upepo, lisubiri lipoe, asubuhi ndipo linasema ukweli. Baba yako alikuwa hivyo, nami niko hivyo, na nadhani hata wewe. Ukisikia kitu kinakwaruza usiongeze redio. Na usione haya kushusha mzigo. Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi. Ukiona njia imekuwa mbaya, mwaga maji ya pipa, mpe mtu kitambaa, acha cherehani moja kwa mtu mwema, pita, utarudi. Mimi sikujua kushusha. Ndiyo maana mgongo wangu uko hivi.

Ukifika Kabondo-Dianda mtafute Mama Ngoie. Amezeeka lakini bado yuko pale kando ya barabara, wasafiri wananiletea salamu zake. Mwambie wewe ni mtoto wa yule mwanamke wa samaki waliooza. Mwambie wafwako, yaani asante kwa Kiluba chake, asikie kwamba sikusahau. Akikuita kula, toka ndani ya gari ukale. Usingojee mpaka ulie.

Uliporudi mchana kuchukua viatu hukunikuta dukani, labda ukadhani nimekwenda kuswali. Nilikuwa nyuma ya nyumba na ile rimu uliyoipiga rangi. Nimelivisha tairi mwenyewe kwa vyuma vyangu, sikumwita kwado. Limenishinda mara mbili, mara ya tatu likaingia. Nimelijaza upepo, nikalipaka sabuni nikasikiliza pande zote, halitoi hata pumzi. Nimelala chali chini ya gari kama wewe siku ya chaki, mwanamke wa umri wangu, na bado kuna bluu yako kule juu kwenye bati. Sikuifuta. Tairi nimelifunga mahali pake chini ya mkia wa gari, nimekaza mpaka mwisho.

Kwa hiyo usiniombe radhi tena. Unayo. Ulikuwa nayo tangu siku ulipoanza kupigilia kitanda kile, mimi tu niliichelewesha. Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kila kona, akupe wateja wenye subira, akurudishe siku utakayotaka mwenyewe na si siku nitakayokuita. Barua hii utaikuta chini ya cherehani ya kwanza utakapoketi kushona, na ukiisoma utakuwa umeshavuka reli, huwezi tena kurudi kunibishia.

Na usiniletee kiti kutoka Luena, nakujua. Kiti changu kiko chini ya gari lako. Mimi nitazoea mkeka.

Mama yako,
Zaina